Gesi ya Songo Songo kwenye buti: namna ya kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari la petroli

Gesi inayojazwa kwenye magari Dar es Salaam hutoka kusini mwa Tanzania: Songo Songo, wilayani Kilwa, na Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Karibu kila kanuni ya kuifunga kwenye gari inatokana na mambo mawili: gesi hii ni methani karibu tupu, na imeshindiliwa kwa presha ya bar 200. Ukiyashika hayo mawili, utajua kwa nini mrija unapita hapa na si pale, na kwa nini gari linamisi mwezi wa tatu baada ya kufungwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kujua analipia nini na akague nini, na wa fundi wa injini au umeme wa magari anayeanza kazi ya gesi. Asiye fundi asijaribu kufunga mwenyewe nyumbani.

Gesi imetokeaje

Mabaki ya viumbe na mimea yalizama kwenye tope lisilo na oksijeni, yakafukiwa na tabaka juu ya tabaka. Ardhi huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Mabaki hayo yakifika kwenye nyuzi 60 hadi 120 hivi, hutoa mafuta. Yakizama zaidi, kwenye nyuzi 150 na kuendelea, minyororo mirefu ya mafuta hukatika ikabaki methani. Gesi ikapanda kupitia mwamba wenye vinyweleo mpaka ilipozuiwa na mwamba funiko usiopitisha kitu. Songo Songo imenaswa kwenye mawe ya mchanga ya kipindi cha Kretasia ya mapema, yenye zaidi ya miaka milioni 100. Mnazi Bay iko kwenye mchanga wa umri mdogo zaidi, wa vipindi vya Oligosini na Miosini, ulioletwa na mto Ruvuma.

Visima vya Songo Songo viligunduliwa mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, vyote na kampuni ya Italia, AGIP. Vilikaa miaka mingi bila kutumika kwa sababu gesi haina maana bila bomba. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015.

Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97. Ndiyo maana haiwezi kujaza mtungi wa jikoni. Mtungi wa jikoni una propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa presha ndogo, na hizo huagizwa kutoka nje. Methani haigeuki kimiminika kwenye joto la kawaida hata uishindilie vipi. Inabaki gesi, na njia ya kawaida ya kuibeba ya kutosha kwenye gari ni presha kubwa sana. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa presha hiyo. Mtu akikufungia mtungi wa gesi ya kupikia kwenye gari la CNG, yaani la gesi asilia iliyoshindiliwa, amekufungia bomu, na hapo hakuna mjadala.

Kisimani gesi hutoka ikiwa na maji na mafuta mepesi kidogo. Kiwandani hutenganishwa na kukaushwa kabla ya kuingia bombani, kwa sababu methani na maji vikikutana kwenye presha kubwa na ubaridi hufanya donge kama barafu linaloziba njia. Hatari hiyohiyo inakusubiri kwenye kipunguza presha cha gari lako.

Kuna hesabu moja inayofaa kukumbukwa. Kila mita 10 za maji, hata yaliyo ndani ya vinyweleo vya mwamba, huongeza bar 1 hivi. Mwamba ulio kwenye kina cha mita 1,800 kwa hiyo una presha ya asili ya karibu bar 180. Gesi hupoteza sehemu kubwa ya presha hiyo kisimani, kiwandani na bombani, kisha kituo cha kujazia hutumia umeme mwingi kuirudishia presha ya aina ileile ndani ya mtungi wako. Gari linatembea na presha ya kisima.

Kwanza piga hesabu kama inakufaa

Kilo 1 ya gesi hii ina nishati ya karibu lita 1.5 za petroli. Weka bei za siku yako, lakini kwa mfano: petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, gesi 1,550 kwa kilo, na gari linakwenda kilomita 12 kwa lita. Kwa kilomita 100 kwa siku, petroli ni lita 8.3, yaani shilingi 25,000. Gesi ni kilo 5.6, yaani shilingi 8,600 hivi. Toa petroli ya kuwashia, unabaki na akiba ya kama 15,000 kwa siku. Mfumo ukigharimu milioni 2, unarudisha pesa ndani ya miezi minne na nusu.

Mtu huyohuyo akitembea kilomita 15 tu kwa siku, akiba haizidi 2,000, maana safari fupi huisha injini ikiwa bado inachoma petroli ya kupashia joto. Atahitaji karibu miaka mitatu kurudisha pesa, na buti lake amelipoteza. Kwa teksi, gari la mizigo midogo na bajaji, gesi ni uamuzi mzuri. Kwa gari la kwenda kanisani na sokoni, tunashauri uache.

Pima pia umbali. Mtungi wa lita 60 kwa bar 200 hubeba kilo 9 hivi kwenye joto la Dar es Salaam. Hizo ni sawa na lita 13 za petroli, kilomita 150 au 160 kwa gari la mfano wetu. Kama kituo kiko mbali na njia yako ya kila siku, foleni na safari ya kukifuata vitakula akiba.

Gari lenyewe likaguliwe kabla ya kukubali pesa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Gesi haiponyi injini mbovu. Inaufichua ubovu wake. Gari litembee vizuri kwa petroli kwanza.

Pima kompresheni (nguvu ya kushindilia) ya kila silinda, injini ikiwa ya moto. Tofauti kati ya silinda yenye nguvu zaidi na dhaifu zaidi isizidi asilimia 10. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari: kusiwe na kosa lililohifadhiwa, na marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta hiyo (fuel trim) yawe ndani ya asilimia 10 juu au chini. Angalia rejeta, themostati (valvu inayotunza joto la maji ya injini) na pampu ya maji. Gari lililotolewa themostati, jambo la kawaida sana mitaani kwetu, lirudishiwe kabla ya kitu kingine, kwa sababu bila maji ya moto kipunguza presha kitaganda.

Angalia aina ya injini. Injini zenye injekta (vipuliza mafuta) kwenye menifodi, yaani njia za hewa za kuingilia kwenye silinda, kama 1NZ-FE iliyomo kwenye Toyota IST nyingi, hufungwa kwa mfumo wa kawaida wa injekta za gesi. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama 1AZ-FSE ya D-4, zinahitaji mfumo wake maalumu. Injekta za petroli kwenye injini hizo zimekaa ndani ya moto na hupozwa na petroli inayopita. Ukizizima ukaendesha gesi tupu, ncha zake zinaungua. Dizeli haiwaki kwa plagi, kwa hiyo mfumo huu hauihusu kabisa.

Plagi na koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ndizo za kutumia pesa. Methani inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Koili iliyochoka ambayo kwa petroli haikusumbui, kwa gesi itamisi ukipanda mlima. Weka plagi mpya na punguza mwanya uwe kati ya milimita 0.7 na 0.8, badala ya milimita 1 na zaidi ya kiwandani. Kama ni plagi za iridiamu, mwanya usigongwe kwa bisibisi. Ncha yake huvunjika. Nunua zilizokuja na mwanya unaofaa.

Vifaa, na cha kukagua kwa kila kimoja

Mtungi uwe na alama ya kiwango cha kimataifa cha mitungi ya gesi ya magari, ISO 11439 au ECE R110, iliyogongwa au kubandikwa na mtengenezaji, pamoja na presha ya kazi ya bar 200, presha ya majaribio ya bar 300, namba ya mtungi, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtungi wa chuma wa kiwango hicho hautakiwi kupasuka chini ya bar 450. Ukikuta namba imesuguliwa au rangi mpya nzito imefunika alama, ukatae. Mitungi ya oksijeni ya hospitali au ya kuchomea vyuma haikubaliki, hata kama uzi wa valvu unaingia.

Valvu ya mtungi iwe na mkono wa kufunga, kikinga cha presha kupita kiasi, fyuzi ya joto inayoyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na kizuizi kinachojifunga mrija ukikatika. Hivi vinne havipunguzwi hata kimoja.

Vilivyobaki ni mrija wa chuma usio na mshono wa milimita 6, mdomo wa kujazia wenye valvu ya njia moja, geji, kipunguza presha chenye valvu ya umeme, filta ya presha ndogo, reli ya injekta za gesi, kompyuta ya gesi na swichi ya kuchagua mafuta. Injekta, kompyuta na kipunguza presha viwe vya mfumo mmoja. Kuchanganya vipande vya kampuni tatu ili kupunguza bei kunamwacha fundi akihangaika na marekebisho yasiyokaa.

Kufunga mtungi

Mtungi wa chuma wa lita 60 pamoja na gesi yake una kilo 70 hivi. Kanuni ya R110 inadai kifungio cha gari dogo kihimili mara 20 ya uzito huo kuelekea mbele na mara 8 kwenda upande. Mara 20 ya kilo 70 ni kilo 1,400. Huo ndio mzigo unaosukuma kiti cha nyuma, chenye watoto, gari likigonga nguzo. Kwa hiyo skrubu za bodi hazihusiki hapa.

Fremu ikae juu ya maungio ya chasisi, siyo juu ya bati la sakafu tupu. Tumia bolti za M10 au M12 zenye alama ya uimara 8.8, zipenye sakafu, na kwa chini kuwe na bamba la chuma la angalau milimita 3 lenye upana wa kiganja, ili bolti isichanike na kutoka na bati. Mikanda ya chuma iwe miwili au zaidi, na kati ya mkanda na mtungi kuwe na raba. Chuma kwa chuma huchubua rangi, kutu ikaanza palepale usipopaona. Paka rangi ya kuzuia kutu kila tundu ulilotoboa. Usichomelee chochote kwenye mtungi, wala karibu nao.

Mtungi ukiwa ndani ya gari, valvu na viungio vyake vifunikwe kwa mfuko usiopitisha hewa, wenye mpira wa kutolea hewa unaotoka nje chini ya sakafu. Methani ni nyepesi kuliko hewa, karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo nje hupaa na kupotea. Ndani ya gari lililofungwa madirisha hukusanyika darini. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Mtungi ukiwa chini ya gari, uwe juu ya ardhi kwa sentimita 20 au zaidi gari likiwa limepakia, na uwekewe ngao palipo karibu na ekzosi.

Mrija wa presha kubwa

Upitishe chini ya gari sambamba na mirija ya breki, upande usio na ekzosi. Klipu kila sentimita 50 hadi 60. Karibu na mtungi, na tena karibu na kipunguza presha, ukunje mduara mmoja wa mrija ili mtikisiko ufe pale badala ya kufika kwenye kiungio. Kunja kwa mashine ya kukunjia. Mrija uliobonyea kwenye kona ukatwe utupwe. Ncha ikatwe kwa kikata mirija na kusafishwa, maana unga wa chuma wa msumeno utaishia kwenye kipunguza presha.

Usifunge uzi wa viungio hivi kwa utepe mweupe wa mabomba ya maji. Kinachozuia gesi ni pete inayobana mrija, na vipande vya utepe hukatika vikaziba filta. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji kisha acha. Kukaza zaidi hupasua pete, na ufa wake hauonekani.

Kipunguza presha na maji ya rejeta

Gesi ikitoka bar 200 ikaingia bar 2 hutanuka ghafla na kupoa kwa zaidi ya nyuzi 50. Bila joto la nje kifaa kinaganda, diaframu (utando wake wa ndani) inakakamaa, na kaunyevu kadogo kaliko kwenye gesi kanakuwa donge. Ndiyo sababu maji ya moto ya injini hupitishwa ndani yake.

Kifunge kwenye bodi, siyo kwenye injini inayotikisika, na kiwe chini ya usawa wa juu wa maji ya rejeta. Kikiwa juu, hewa inakusanyika humo na maji hayazunguki. Chukua maji kwenye mipira ya hita kwa viungio vya T, kisha toa hewa: jaza, washa, fungua hita hadi mwisho, subiri mpaka mipira yote miwili ya kipunguza presha iwe ya moto mkononi. Mpira mmoja wa moto na mwingine wa baridi maana yake hewa bado imo. Tumia kulanti yenye kuzuia kutu, kwa sababu maji ya bombani huziba njia zake nyembamba kwa magadi.

Injekta za gesi

Vua menifodi. Kuitoboa ikiwa juu ya injini kwa kutegemea grisi kukamata unga wa chuma ni kamari, na menifodi nyingi za Toyota ndogo hutoka kwa muda mfupi. Toboa kwa keekee ya milimita 5 na ukate uzi wa M6 kwa nozeli (midomo ya kuingizia gesi) za kawaida. Matundu yawe karibu na silinda hedi kadiri inavyowezekana, umbali uleule kwa silinda zote, na nozeli zielekee hewa inakokwenda. Mipira kutoka relini isizidi sentimita 20 na iwe sawa kwa urefu. Mmoja ukiwa mrefu, silinda yake hupata gesi ikiwa imechelewa, na injini itatetema ukiwa kwenye foleni ya taa.

Waya za umeme zikatwe na kuungwa kwa lehemu na mrija wa kubana kwa joto. Kusokota na kuzungushia selotepu hakudumu kwenye joto la boneti. Waya wa injekta ya petroli ya silinda ya 1 uende kwa injekta ya gesi ya silinda ya 1, na kuendelea vivyo hivyo. Ukichanganya, gari litawaka lakini halitatulia kamwe. Kompyuta ya gesi ikae mbali na ekzosi, soketi yake ikitazama chini ili maji yasisimame, na fyuzi ya umeme wake iwe karibu na betri.

Jaribio la kuvuja

Jaza bar 20 au 30 tu mara ya kwanza. Paka povu la sabuni kila kiungio kuanzia mdomo wa kujazia mpaka nozeli, na usubiri dakika kadhaa kwa kila kimoja, kwa sababu uvujaji mdogo hutoa kapovu kamoja taratibu. Kikivuja, funga valvu ya mtungi, toa presha mrijani, ndipo ukaze. Kukaza nati yenye presha ndani yake kumewahi kutoa watu macho. Kikikaa kimya, panda hadi bar 200 na urudie yote.

Hata uvujaji usiohatarisha mtu unaharibu sababu moja kubwa inayotajwa ya kutumia gesi. Kilo 1 ya methani ikiungua hutoa kilo 2.75 za kaboni dayoksaidi, lita 1.5 za petroli ilizochukua nafasi yake zingetoa karibu kilo 3.45. Umeokoa kilo 0.7. Lakini methani isiyoungua hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100, na mara 80 hivi kwa kipimo cha miaka 20. Kwa hiyo gramu 25 zikivuja katika kila kilo, kati ya kisima na nozeli yako, faida hiyo imekwisha hata kwa kipimo cha miaka 100. Gesi hii bado ni fueli ya visukuku, haioti upya, na presha ya kisima hushuka kadiri inavyotolewa. Ikitumika, itumike bila kupotea.

Marekebisho

Pasha injini hadi nyuzi 80. Unganisha kompyuta ya gesi na programu yake, acha ijipime injini ikinguruma bila kukanyaga, kisha badilisha kutoka petroli kwenda gesi na utazame muda wa kupuliza petroli uliohesabiwa na kompyuta ya gari. Kama muda huo haubadiliki ukihamia gesi, marekebisho ni sahihi. Ukirefuka, gesi ni pungufu. Ukifupika, gesi ni nyingi. Rudia barabarani, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,500 kwa dakika, gari likiwa na mzigo. Fundi anayekukabidhi gari bila kulitembeza na kompyuta mapajani hajamaliza kazi.

Kuhama kutoka petroli kwenda gesi kuwekwe kwenye maji ya nyuzi 40 au zaidi. Wapo wateja wanaoomba kuwe mapema ili waokoe petroli. Wakubaliwe, wanarudi na diaframu iliyopasuka.

Mwambie mteja pia kwamba nguvu itapungua kwa asilimia 10 hivi. Gesi inachukua nafasi ya hewa kwenye menifodi, karibu sehemu moja ya kila kumi, na hilo haliondolewi na marekebisho.

Kujaza na kutumia

Zima injini, vuta breki ya mkono, watu wote washuke. Ukijazwa haraka mtungi hupata joto, na geji iliyosoma 200 kituoni husoma 175 au 180 baada ya saa moja. Haijavuja, imepoa tu. Foleni ikiwa ndefu, akiba ya presha ya kituo hushuka na magari ya nyuma huondoka na bar 150 au 160. Alfajiri unajaza vizuri zaidi, tena hewa ikiwa baridi.

Tangi la petroli lisishuke chini ya robo. Pampu ya petroli hupozwa na petroli iliyoizunguka, na kwenye magari mengi inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi. Pampu nyingi zinazoungua kwenye magari ya gesi zimekufa kwa tangi kavu. Mara moja kwa wiki tembea kilomita kadhaa kwa petroli ili injekta zake zisigande.

Badilisha filta ya gesi kila kilomita 10,000 hadi 20,000. Ukikuta oili nyeusi ndani yake, imetoka kwenye kompresa ya kituo. Badilisha mapema zaidi na usafishe injekta. Oili ya injini itaonekana safi muda mrefu kwa sababu gesi haitoi masizi, lakini imechakaa kwa joto kama kawaida, kwa hiyo ibadilishe kwa kilomita zilezile. Gesi ni kavu na hailainishi viti vya valvu: pima mwanya wa valvu kila kilomita 40,000, hasa kwenye injini zisizojirekebisha zenyewe. Mwanya ukikaribia kuisha, valvu haifungi vizuri, inaungua, na hapo silinda hedi lazima ifunguliwe.

Gari likianza kumisi kwenye gesi na kwa petroli liko sawa, anza na plagi na koili, kisha filta, kisha injekta za gesi, na kompyuta iwe ya mwisho. Kipunguza presha kikipiga ukungu mweupe, angalia maji na themostati. Likizima lenyewe ukiachia mafuta, marekebisho ya chini ni mabaya au kuna hewa inaingia kwenye nozeli.

Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, simama mahali pa wazi, zima injini, fungua milango na buti, usiguse swichi nyingine yoyote, kisha funga valvu ya mtungi kwa mkono, ukizungusha kama mshale wa saa. Gari likipelekwa kuchomelewa au kuingizwa kwenye chumba cha moto cha rangi, mtungi utolewe gesi kwanza na, kwa kazi ya karibu na buti, uvuliwe kabisa.

Mtungi hupimwa upya kwa maji kwa bar 300 katika kituo kinachotambulika, kwa vipindi vya miaka 3 hadi 5 kama alama yake inavyosema, na mapema zaidi baada ya ajali, moto au kutu iliyochimba. Tunza hati yake pamoja na kadi ya gari. Ukinunua gari la gesi lililotumika, linganisha namba ya hati na namba iliyo kwenye mtungi kabla ya kutoa pesa. Tarehe ya mwisho wa matumizi ikifika, mtungi hutolewa gesi yote, hujazwa maji, kisha hutobolewa ili usirudi sokoni na rangi mpya.